"Kompyuta Imeharibika": Uliza Kitenzi Kabla ya Kushika Bisibisi

Karibu kila familia yetu hapa Dubai ina mtu aliyeteuliwa, bila kura, kuwa fundi wa kompyuta wa ukoo mzima. Mara nyingi ni mtoto wa mwisho. Simu inatoka Mombasa, Tanga au Unguja:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ile kompyuta mliyotuletea imeharibika."

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Kompyuta tunazijua, ila maneno ya kumuuliza mjomba hatuna. "Imeharibika" ni kama kumwambia daktari "naumwa". Unaumwa wapi? Tangu lini? Ukiamka au ukilala?

Na hili si jambo dogo. Kompyuta nyingi za mezani zinanunuliwa huku, kwenye maduka ya Khalid bin Al Waleed Road kule Bur Dubai, nyingine zikiwa zimeshatumika maofisini. Zikifika nyumbani zinakuwa kazi ya mtu: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti fomu za shule. Mashine ikizima, na mapato yanazima. Fundi wa kubahatisha atabadilisha RAM leo, kesho pawa saplai, keshokutwa mazabodi, na hela zote zinatoka mfukoni mwa mjomba.

Bahati nzuri, Kiswahili kina vitenzi vinavyofanya nusu ya kazi. Muulize: kwani inafanyaje?

Inajizima. Yaani inakata pap, kama mtu kachomoa waya, bila ujumbe wowote. Swali la pili: baada ya muda gani? Ikifanya kazi nusu saa, ikakata, ukaiacha ipoe ikawaka vizuri tena, shuku joto kwanza. Prosesa nyingi za kisasa zina kikomo karibu nyuzi 95 hadi 100. Zikikaribia hapo zinapunguza kasi, na joto likizidi mashine inajizima ili isiungue. Feni inapuliza hewa ya chumbani tu, haina barafu. Kwa hiyo chumba chenye joto, iwe ni Dubai mwezi wa saba ukizima eisii au ni duka la bati Mombasa, kinaanza na hasara. Ongeza vumbi lililoziba feni na chuma cha kupozea, basi kazi imeisha. Azime, achomoe waya, afungue kifuniko, asafishe kwa brashi laini huku ameshikilia feni isizunguke. Mashine ikiwa ya miaka mingi, ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na chuma cha kupozea huenda imekauka, inahitaji kupakwa upya.

Lakini ikikata hata ikiwa baridi, bila mpangilio, angalia umeme. Plagi ya miguu mitatu ya hapa ni ileile ya Kenya na Tanzania, na umeme wote ni wa hezi 50, kwa hiyo mashine inachomekwa bila shida. Tofauti inakuja pale umeme unapopanda na kushuka. Taa zinafifia pia? Kuna friji kwenye ekstensheni hiyohiyo? Ajaribu soketi nyingine na waya mwingine kabla ya kununua chochote. UPS nzuri inasaidia. Pawa saplai yenyewe asiifungue kamwe, hata akishachomoa waya: ndani inabaki na chaji inayoweza kumpiga mtu.

Inajiwasha tena. Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, ila ina siri. Windows ikipata hitilafu kubwa, kawaida yake ni kujiwasha upya yenyewe, na skrini ya bluu inapita kabla hujasoma. Mwambie aandike sysdm.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, aingie Advanced, kisha Startup and Recovery, aondoe alama kwenye Automatically restart. Safari ijayo ujumbe utabaki kwenye skrini, apige picha akutumie. Isipotokea skrini ya bluu kabisa, rudi kwenye joto na umeme. Ukikuta kwenye Event Viewer neno Kernel-Power 41, usishangilie: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Sababu halisemi.

Inaganda. Picha ipo, lakini mausi haiendi, kibodi haijibu. Hapa shuku RAM, diski au draiva. Aandike mdsched.exe, mashine itajipima RAM yenyewe. Kama kuna RAM mbili, atoe moja, ajaribu, kisha abadilishane. Wakati mwingine RAM ni nzima, imelegea tu baada ya kutikiswa njiani.

Haimalizi kuwaka. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Muulize: inafika kwenye alama ya Windows? Ikikata kabla ya hapo, tatizo liko kwenye vifaa: umeme, RAM, hata kitufe cha kuwashia kilichonasa. Ikikata baada ya hapo, programu au diski ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ajaribu Safe Mode.

Halafu kuna swali ambalo watu wanalisahau: jana kulibadilika nini? Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani ziliangushwa na faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, na nyingi zikawa zinajiwasha bila kufika popote. Vifaa vyake vilikuwa vizima. Na wenzangu wa magemu, kama mashine yako ina Intel ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS: mwaka 2024 kampuni yenyewe ilikiri baadhi ya prosesa hizo za mezani zilikuwa zinajipa volti nyingi kupita kiasi. Sasisho linazuia uharibifu, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi. Hiyo inadaiwa garantii.

Kabla ya yote hayo, kama mashine inawaka hata dakika 10, mwambie anakili kwanza vitu vyake kwenye flashi: picha za harusi, sauti ya bibi, hesabu za duka. RAM inauzwa, sauti ya bibi haiuzwi.

Huu hapa ujumbe, nakili utume:

*Shikamoo mjomba. Pole kwa usumbufu. Naomba unijibu haya: Inajizima, inajiwasha tena, inaganda, au haimalizi kuwaka? Inatokea baada ya muda gani? Ikipumzika inakuwa sawa? Umeme wa hapo unacheza? Kuna kitu kipya mmeweka au mmechomeka? Na kabla ya fundi kuigusa, tafadhali hifadhi picha na mafaili kwenye flashi.*

Akijibu, msomee fundi majibu hayo kabla hajataja bei ya mazabodi.