Ngome ya Loarre Haipandwi na Ndai

Ukidai kujua mbona Castillo de Loarre ilijengwa pale juu kabisa, wachana na ndai. Dunga helmeti, jaza chupa mbili za maji, panda baiki. Ndai itakufikisha kwa mlango kama hujaskia kitu. Baiki itakuonyesha, kwa mapaja na kwa kifua, wera yenye ule mlima ulikuwa unafanyia wenye ngome.

Hii raundi inaanza Huesca, tao ndogo ya Aragón, kaskazini mwa Uhispania, chini ya milima ya Pyrenees. Rieng ni rahisi: toka Huesca uende Ayerbe, ukunje Loarre, upande ngome, ushukie Bolea, urudi Huesca. Jumla ni kati ya kilomita 70 na 80. Msee wa mazoezi anaweza kuimaliza kabla ya lunch, lakini mimi nakushow uchukue siku mzima.

Toka mangware. Hadi Ayerbe ni kama kilomita 28 za mashamba ya ngano na miti ya lozi, na ukienda mwisho wa Februari unaipata imechanua maua meupe na ya pinki. Lami ni safi. Sheria ya huko inaamuru dere akikupita akuachie mita 1.5, na mnakubaliwa kuendesha wawili wawili. Kama umezoea kubanwa na mathree Thika Road, hapa utaskia mabega yakilegea yenyewe.

Ayerbe, simama. Itisha kahawa na torta, mkate mtamu wenye umefanya hiki kijiji kijulikane. Hapa ndio Santiago Ramón y Cajal alikulia, mwanasayansi wa seli za ubongo aliyebeba Nobel 1906. Akiwa mtoi alijitengenezea mzinga, akalipua geti ya jirani, akatupwa ndani siku kadhaa. Ukitoka hapo cheki kaskazini: zile nguzo za mawe mekundu ni Mallos de Riglos, zingine zinafika mita 300, na tumbusi wanazunguka juu yake.

Sasa mlima. Kutoka kijiji cha Loarre hadi ngome ni kama kilomita 5, na unafika zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Weka gia nyepesi, usishindane na mtu. Ukifika kona za juu, geuka. Bonde lote la Huesca liko wazi mbele yako, hadi Bolea kule chini. Hapo ndio unashika. Karne ya 11 ikianza, Sancho wa Tatu, mfalme wa Pamplona, alijenga hapa juu ya mwamba mtupu. Adui hangeweza kuchimba chini ya ukuta, na kabla afike getini alikuwa ameshaonekana na pumzi imeisha. Huko bondeni, Huesca na Bolea zilikuwa mikononi mwa Waislamu. Huu ndio ulikuwa mpaka.

Mjukuu wake, Sancho Ramírez, aliongeza kanisa ndani ya ngome, kisha akateremsha vita hadi bondeni. Alijenga ngome ingine, Montearagón, karibu na kuta za Huesca, na akadedi 1094 akiwa ameuzingira huo mji. Kijana yake, Pedro wa Kwanza, aliuteka 1096, akachukua Bolea 1101. Huu mteremko wa kutoka Loarre hadi Bolea, wewe utaumaliza chini ya saa moja. Hao wafalme uliwachukua miaka kama 80.

Bolea, panda hadi kanisa kubwa la karne ya 16. Limekalia pale pale ngome ya Waislamu ilikuwa. Ukifika Juni, nunua cheri, zao linalotambulika hapa.

Na usipite hivi vijiji mbio. Mayut wengi walihama zamani, wakaenda Zaragoza na Barcelona, na mara nyingi utapata wazee tu wameketi kivulini. Wasalimie, "buenos días." Kunywa kahawa kwa baa yao, nunua mkate kwa duka lao kabla lifungwe saa nane mchana. Hiyo doh kidogo ni kati ya vitu vinafanya hiyo baa ifunguliwe kesho.

Usijiambie hizi barabara ni za wengine. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafunzwa baiki na David Kinjah huko Kikuyu, na rekodi ya mbio za baiki za Vuelta a España inamtambua kama mshindi wa 2011 na 2017. So wewe wa Kenya uko huko kwa masomo ama wera, tafuta baiki ya kukodisha, beba tyubu ya spea na pampu, na ukifika juu Loarre, keti kwa ukuta kwanza. Soma hilo bonde polepole kabla ushuke.