Bei ya Gunia Kibaigwa na Njaa ya Vijijini

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600. Katika mazingira hayo bei ya nafaka ni miongoni mwa dalili za mapema zaidi za upungufu wa chakula, kwa kuwa huanza kupanda wakati mimea bado haijatoa mbegu na kabla watoto hawajaanza kufikishwa zahanati wakiwa na utapiamlo. Hata hivyo, bei inayotangazwa mara kwa mara ni ya jumla, yaani ile ambayo wafanyabiashara huuziana kwa gunia la kilo 100 katika masoko makubwa, ilhali kaya iliyo hatarini hununua kwa debe, kwa sado au kwa kilo moja moja, mbali na barabara ya lami.

Soko la Kimataifa la Nafaka la Kibaigwa, lililopo wilayani Kongwa kando ya barabara iendayo Morogoro, linaonyesha ugumu huo vizuri kuliko soko lingine lolote mkoani Dodoma. Mahindi yanayofika hapo kutoka Kongwa, Kiteto na wilaya za jirani hayawasubiri walaji wa Dodoma peke yao. Husafirishwa Dar es Salaam na hata nje ya nchi, na kwa sababu hiyo bei yake hufuata mahitaji ya miji ya mbali na maamuzi ya serikali za jirani. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu inayozalishwa na ukungu katika nafaka isiyokaushwa vizuri, wakulima walikumbushwa kwamba soko lao linaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja lililotolewa Nairobi. Juu ya hayo ipo lumbesa, ujazaji wa gunia kupita kipimo halali, ambao umepigwa marufuku lakini haujakoma: mkulima aliyelipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi kilo 100 amepata kwa kila kilo pungufu ya kile ambacho takwimu zinaonyesha.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba bei ya mahindi hutazamwa bila kulinganishwa na kile ambacho mnunuzi anacho cha kuuza. Mfugaji Mgogo anayepeleka mbuzi katika mnada kama ule wa Msalato haulizi tu gunia ni shilingi ngapi, bali mbuzi wake atampatia debe ngapi; uwiano huo ndio ambao wachumi huuita masharti ya mabadilishano. Ukame unapobana, malisho hukauka, mifugo hudhoofu, wauzaji huongezeka mnadani kwa wakati mmoja, na bei ya mbuzi huporomoka katika wiki zilezile ambazo bei ya nafaka inapanda. Kibarua wa shambani naye hukosa pa kulima kwa malipo. Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alieleza kwamba watu wanaweza kufa njaa chakula kikiwepo sokoni, kwa sababu tu wamepoteza uwezo wa kukipata, na historia ya Ugogo inamuunga mkono kwa uchungu: njaa ya Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, inayokadiriwa kuua watu wapatao 30,000 katika jamii ya watu takriban 150,000, haikuletwa na ukame pekee, bali pia na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo.

Tanzania haijakosa vyombo vya kufuatilia hali hii. Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, maarufu kwa jina la MUCHALI, huunganisha taarifa za mavuno, bei na lishe, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka wakati wa mavuno ili kuitoa wakati wa uhaba, kama ilivyofanya bei zilipopanda sana mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, ambapo mahindi yaliuzwa kwa wananchi chini ya bei ya soko. Umuhimu wa vyombo vya ndani ulidhihirika Januari 2025, pale FEWS NET, mtandao wa Marekani ulioanzishwa 1985 kutoa tahadhari za njaa, uliposimama ghafla kwa miezi kadhaa baada ya misaada ya nchi hiyo kusitishwa; nchi inayotegemea macho ya wengine haiwezi kujua ni lini yatafumbwa.

Bei, kwa upande mwingine, haioni sumu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwasababishia watu ugonjwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, na wagonjwa 20 kati ya 68 waliotambuliwa walifariki. Nafaka ya bei nafuu inaweza kuwa ndiyo mbovu, na taarifa ya soko isiyogusa ubora wake ina pengo la hatari.

Yanayohitajika hayana gharama kubwa. Maafisa ugani wa kata waandike bei ya debe la mahindi, mtama na uwele katika magulio ya vijijini, pamoja na bei ya mbuzi na ujira wa kibarua, hasa kati ya Oktoba na Machi, na halmashauri ziibandike orodha hiyo kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kabla ya kuituma wizarani. Mtama na uwele visiachwe, kwani ndivyo vinavyostahimili ukame wa Dodoma na ndivyo kaya nyingi hukimbilia mahindi yanapokauka. Halmashauri za Kongwa, Chemba, Chamwino, Bahi na Mpwapwa zianze kazi hiyo kabla ya msimu ujao wa mvua.