Kufundisha Mfumo Endeshi kwa Njia ya Kuuhamisha: Mfano wa CP/M

Mkufunzi wa somo la kompyuta aghalabu huanza kwa kuandika ubaoni fasili ya mfumo endeshi. Nami nilifanya hivyo miaka miwili. Wanachuo waliikariri barabara, lakini nilipowauliza ni sehemu ipi ya mfumo hubadilika mashine inapobadilika, darasa zima lilinyamaza. Tangu hapo huanza na kisa cha CP/M, na fasili huja mwisho.

Mfumo huo ulitungwa mwaka 1974 na Gary Kildall, aliyekuwa akifundisha chuoni huko Monterey, California, kwa ajili ya kompyuta ndogo zenye prosesa ya Intel 8080. Miaka ile kila kiwanda kiliunda mashine kwa namna yake. Kibodi, skrini na disketi za huyu hazikulingana na za yule. Hapana budi mfumo ungeandikwa upya kila mara. Kwa hiyo baadaye Kildall aliyatenga mambo yote yanayotegemea mashine katika sehemu moja ndogo, iitwayo BIOS, na sehemu nyingine zikaachwa kama zilivyo. Katika toleo la 2.2, la mwaka 1979, mlango kati ya pande hizo mbili una maagizo 17 tu.

Darasani nakata kadi 17, kila moja na agizo lake: pokea herufi, onyesha herufi, chagua disketi, soma, andika, na kadhalika. Kanga hutundikwa katikati. Kundi moja ni mfumo, la pili ni mashine, nazo huzungumza kwa kadi tu. Kisha, bila kutangaza, nabadilisha kundi la mashine: la kwanza lilionyesha herufi kwa chaki, jipya linatumia kokoto sakafuni. Upande wa mfumo haugundui lolote. Kicheko kinachofuata kanga ikifunuliwa chatosha kuwa maelezo.

Kipindi cha pili ni kigumu zaidi, maana sasa tunahamia TRS-80 ya mwaka 1977, na kadi zote 17 zikijazwa sawasawa, kazi bado inashindikana. Programu za CP/M hutarajia kupakiwa kwenye anwani 256 na kuomba huduma kupitia anwani 5. Katika TRS-80, nafasi hiyo ya chini imeshikwa na kumbukumbu ya kudumu isiyoandikika. Palikuwa na CP/M iliyosogezwa juu, ambako programu zilianzia 17,152, lakini programu za kawaida hazikuweza kutumika humo bila kutayarishwa upya. Wanachuo waachwe wahangaike hapa. Watatafuta kosa katika kadi, nalo halimo. Limo katika sharti ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kadi yoyote.

Apple II ilikuwa na tatizo jingine, kwani prosesa yake haikufahamu maagizo ya 8080 kabisa. Mwaka 1980 Microsoft iliuza kibao chenye prosesa ya Z80, ambacho pia kilizihamisha anwani: sifuri ya Z80 ikaangukia 4,096 ya Apple.

Kwa zoezi natoa ramani ya kumbukumbu ya ZX Spectrum ya mwaka 1982, ambayo kumbukumbu yake ya kudumu hushika anwani sifuri hadi 16,383. Safari iliyopita, mwanachuo aliyekuwa kimya muda wote alipendekeza kumbukumbu ya kudumu iondolewe njiani na ya kawaida iwekwe mahali pake. Nilimwonyesha modeli ya +3 ya mwaka 1987: ndivyo ilivyoendesha CP/M.