Kuchagua Kemshafti kwa Motokaa ya Kazi na ya Mashindano

Wahenga walisema kwamba mtaka yote hukosa yote. Usemi huo una mafunzo kwa kila mtu mwenye motokaa, na zaidi kwa yule anayetaka motokaa yake moja ifanye kazi mbili zisizopatana.

Huko Marekani wako watu wengi wa namna hiyo. Siku za kazi motokaa humchukua mwenyewe kwenda ofisini na watoto kwenda shule. Siku ya Jumamosi motokaa ile ile hupelekwa uwanjani kushindana mbio za njia iliyonyoka. Katika mbio hizo motokaa mbili husimama sambamba, taa huwaka, na kila moja huondoka kwa nguvu zake zote mpaka mwisho wa njia, ambao kwa kawaida ni robo maili, yaani mita 402. Chama kikubwa cha mbio hizo, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks huko California mwaka 1951.

Mwenye motokaa anapotaka kuiongezea injini nguvu, aghalabu jambo la kwanza linalomjia akilini ni kubadilisha kemshafti. Si kosa, kwani chuma hicho kwa kweli ndicho kinachoamua tabia ya injini. Lakini wengi huchagua kwa pupa. Huichukua iliyo kubwa kuliko zote dukani, kisha hushangaa motokaa inapokuwa nzito kuondoka, yenye kula mafuta mengi na yenye breki ngumu. Makala hii itaeleza jinsi ya kuchagua kwa hesabu badala ya tamaa.

Kazi ya kemshafti

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa na mafuta, kukandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Katika hatua hizo nne krankishafti huzunguka mara mbili, na kemshafti mara moja. Kemshafti ni mhimili mrefu wenye nundu. Kila nundu ikifika juu huinua tapeti. Katika injini nyingi za zamani tapeti husukuma fimbo, fimbo husukuma rokaa, na rokaa hufungua valvu. Kwa maneno mengine, kemshafti ndiyo inayoiamuru injini ivute pumzi saa ngapi, kwa muda gani na kwa kina gani.

Tuchukue mfano wa injini inayojulikana sana katika mchezo huu, yaani ile V8 ndogo ya Chevrolet. Ilitoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, sawa na lita 4.3. Mhandisi Zora Arkus-Duntov alibuni kemshafti iliyopewa jina lake, na mwaka 1957 injini hiyo, ikiwa imekuzwa kufikia inchi 283 na kutiwa sindano za mafuta, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283, yaani farasi mmoja kwa kila inchi ya ujazo. Baadaye ilikuja ile ya inchi 350, au lita 5.7, ambayo ndiyo tutakayoitumia katika hesabu zetu.

Namba tatu za kuzijua

Namba ya kwanza ni muda wa valvu kuwa wazi. Muda huu hauhesabiwi kwa dakika bali kwa digrii za mzunguko wa krankishafti. Kipimo cha kuaminika huanza pale tapeti inapokuwa imeinuka inchi 0.050, sawa na milimita 1.27. Watengenezaji hutangaza pia namba nyingine iliyo kubwa zaidi, iliyopimwa tapeti ikiwa imeinuka kidogo tu. Usilinganishe namba za vipimo viwili tofauti. Kwa injini ya inchi 350, kemshafti ya chini ya digrii 215 hufaa kazi za kila siku. Ya baina ya 220 na 235 huweza kutumika barabarani na uwanjani. Ya zaidi ya 240 huielekea sana mashindano.

Kwa nini iwe hivyo? Injini ikizunguka kwa kasi, hewa iliyo katika njia ya kuingilia hukimbia kwa msukumo, nayo huendelea kuingia katika silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Valvu ikichelewa kufungwa, silinda hujaa zaidi. Lakini injini ikizunguka polepole msukumo huo haupo, na pistoni huirudisha nje hewa ile iliyokwisha kuingia. Kwa hiyo kemshafti kubwa huchukua nguvu za chini na kuzipeleka juu. Nguvu hizo hazitolewi bure.

Namba ya pili ni kimo cha kuinuka kwa valvu. Kimo cha nundu huzidishwa na uwiano wa rokaa. Katika Chevrolet hii uwiano ni 1.5, basi nundu ya milimita 7.62 huinua valvu milimita 11.43. Kimo kikiongezeka, springi za valvu nazo ni lazima ziwe za kufaa, zisifikie kubanana kabisa. Tena valvu isigongane na pistoni. Mafundi wengi huacha nafasi isiyopungua milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2.5 kwa valvu ya kutoa moshi. Njia rahisi ya kupima ni kubandika juu ya pistoni udongo laini wa kuchezea watoto, kufunga injini, kuizungusha kwa mkono mara mbili, kisha kuifungua na kupima unene wa udongo uliobaki.

Namba ya tatu ni pembe inayotenganisha kilele cha nundu ya kuingiza na kile cha nundu ya kutoa. Kwa kawaida huwa kati ya digrii 106 na 114. Pembe ikiwa ndogo, valvu zote mbili hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na injini hutetemeka inapokuwa haikukanyagwa mafuta. Mngurumo huo huwapendeza vijana, lakini mngurumo si mbio.

Kemshafti haiishi peke yake

Jambo la kwanza la kulinganisha nayo ni mkandamizo wa injini. Kuanzia magari ya mwaka 1971, General Motors ilipunguza mkandamizo wa injini zake nyingi mpaka karibu 8.5 kwa 1. Ukiitia injini kama hiyo kemshafti kubwa, valvu inayochelewa kufungwa hupunguza zaidi shinikizo la silinda, na motokaa huwa goigoi mpaka injini izunguke kwa kasi. Hali hii huzidi mahali pa juu ambapo hewa ni nyepesi. Uwanja wa Bandimere, karibu na Denver, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa yapata mita 1,770 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichoachana sana na cha Nairobi. Huko kila injini isiyosaidiwa na pampu ya hewa hupoteza sehemu ya nguvu zake.

La pili ni gia za difu. Tuseme tairi lina kipenyo cha inchi 26, na gia ya mwisho haipunguzi mzunguko. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, difu ya 3.08 huizungusha injini karibu mara 2,470 kwa dakika; difu ya 4.10 huizungusha karibu mara 3,290. Difu fupi huifikisha injini mapema pale kemshafti kubwa inapopenda, lakini safari ndefu huwa ya kelele na ya kula mafuta. Kwa gia za otomatiki, konveta nayo ni lazima iruhusu injini kupanda kasi kabla ya motokaa kuondoka.

La tatu, ambalo ndilo linalohusu uhai, ni breki. Motokaa nyingi husaidiwa breki zake na mvutano wa hewa utokao katika injini. Kemshafti kubwa hupunguza mvutano huo injini inapozunguka polepole, nao mguu hukuta pedali ngumu pale pale penye msongamano, ambapo watoto huvuka njia. Baada ya kufunga kemshafti mpya, pima mvutano huo kwa geji. Ukiwa hautoshi, motokaa isitoke gereji mpaka breki zipatiwe msaada mwingine.

Hesabu siku zako

Kabla ya kununua, chukua karatasi uandike: uzito wa motokaa, mkandamizo, aina ya gia, uwiano wa difu, na aina ya breki. Kisha hesabu siku. Motokaa inayokwenda uwanjani mara 10 kwa mwaka na kazini siku 300 ni motokaa ya kazi inayoshindana, wala si motokaa ya mashindano inayopita barabarani. Kwa mtu kama huyo mwenye injini ya inchi 350, mkandamizo wa 9.5 kwa 1, gia za otomatiki na difu ya 3.42 au karibu yake, kemshafti ya digrii 218 mpaka 224, yenye pembe ya digrii 110 mpaka 112, itamtosha. Ukisitasita kati ya mbili, chukua iliyo ndogo.

Mwisho ni kuifunga. Kemshafti ya tapeti bapa hufungwa na tapeti mpya, hupakwa grisi yake maalumu, na injini hutiwa oili yenye zinki ya kutosha. Injini ikiwaka, ishikwe kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, isiachwe kuzunguka polepole. Kwani nundu hupata oili inayorushwa na krankishafti, na mzunguko wa polepole hurusha oili kidogo. Nundu zilizokosa oili katika dakika hizo za kwanza huweza kulika mapema. Kemshafti za tapeti zenye magurudumu, ambazo Chevrolet ilianza kuzitia katika V8 hizo mwaka 1987, hazidai taratibu hiyo, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Basi ndugu msomaji, hata kama motokaa yako haitafika katika uwanja wowote wa mashindano, kanuni ni hiyo hiyo kwa kila injini. Fundi akikushauri kubadilisha kemshafti, muulize kwanza inataka mkandamizo gani, difu gani na breki gani. Akiweza kukujibu, mpe kazi. Akikujibu kwamba kubwa ndiyo bora, funga mkoba wako utafute fundi mwingine.