Maua Mazuri, Adui Shambani

Mvua zinakaribia kwisha. Mahindi na mtama vinachanua. Katikati ya mistari yanaonekana maua madogo ya kupendeza. Watoto huyachuma na kuyachezea. Lakini mahindi yaliyo karibu yake yamedumaa, na majani yake yamegeuka manjano. Mmea wenye maua hayo ni kiduha.

Kiduha ni mmea wa asili wa Afrika. Mizizi yake hushika mizizi ya mahindi, mtama, ulezi au mpunga na kunyonya maji na chakula. Huanza kunyonya kabla hakijatokeza juu ya ardhi.

Wakulima wengi wanakijua kiduha cha aina moja tu. Wakiona ua la rangi nyingine, huliacha. Hapo ndipo wanapokosea. Katika Tanzania viduha vinavyosumbua sana nafaka ni vya aina tatu. Tuvitambue.

Cha kwanza kina maua mekundu. Ni kifupi, mara nyingi hakifiki magotini. Majani yake ni membamba. Hupatikana Pwani, Kusini na mikoa ya kati.

Cha pili kina maua ya waridi, makubwa zaidi. Ni kirefu, huweza kupita magoti. Hiki husumbua sana mikoa ya Ziwa, kama Mwanza, Mara na Shinyanga.

Cha tatu kina maua ya waridi yanayoelekea rangi ya chungwa. Tazama majani yake: yana meno makubwa pembeni. Hupenda mahali penye unyevu.

Vyote vitatu ni wezi. Kiduha kimoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000. Mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Je, tufanye nini?

Kwanza, ng'oa kiduha mara tu kinapochanua, kabla hakijatoa mbegu. Kama kina mbegu, kichome moto.

Pili, badilisha mazao. Panda pamba, karanga au alizeti. Mizizi ya mazao hayo huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuyanyonya, hivyo hufa.

Tatu, tia samadi shambani.

Nne, usichukue mbegu za kupanda kutoka shamba lenye kiduha. Safisha jembe lako utokapo humo.

Ndugu mkulima, ukiliona ua hilo leo, usingoje kesho. Ling'oe.