Kabla hujagandisha bodi ya gari la mfano, fikiria siku utakayotaka kuifungua

Ni Jumamosi jioni. Juu ya meza ya chakula limetandikwa gazeti la wiki iliyopita, na juu ya gazeti kuna gari dogo la plastiki ambalo baba na binti yake wa miaka 12 wamelihangaikia kwa mwezi mzima. Viti vimepakwa rangi. Dashibodi ina namba ndogo zisizosomeka bila kukodoa macho. Tairi zote nne zimekaa sawa. Kilichobaki ni kuishusha bodi juu ya chasisi na kazi itakuwa imekwisha.

Binti ameshafungua kichupa cha supa gluu. Anauliza aweke matone mangapi.

Tukio la namna hii hutokea katika nyumba nyingi zinazopenda burudani ya kuunda magari ya mfano, na jibu la haraka la mzazi huwa ni lile lile: weka nyingi, lisije likaachia. Jibu hilo ndilo linaloharibu magari mengi yaliyojengwa vizuri. Mara nyingine ndilo linaloipeleka familia hospitalini usiku.

Gari dogo, kazi kubwa

Magari haya huuzwa yakiwa vipande ndani ya boksi. Mnunuzi hukata vipande, huvisugua, huvipaka rangi na kuviunganisha kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1/24, maana yake kila sentimita 24 za gari halisi huwa sentimita moja. Gari la mita 4.2 hutoka likiwa na urefu wa sentimita 17.5. Kwa Wamarekani, kipimo cha 1/25 nacho kina wapenzi wengi.

Kampuni kubwa za kazi hii, zikiwamo Tamiya, Hasegawa na Aoshima, zina makao yake katika mkoa wa Shizuoka nchini Japani. Ulaya kuna Airfix ya Uingereza na Revell ya Ujerumani.

Kwa familia za Afrika Mashariki, hasa zile zinazoishi ughaibuni ambako maboksi haya hupatikana kwa urahisi, zipo seti zinazogusa nyumbani. Hasegawa imetoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971. Toyota Celica ya mwaka 1985, ile aliyoshinda nayo Juha Kankkunen wa Finland, nayo imetengenezwa kwa vipande vya 1/24. Babu aliyewahi kusimama kando ya barabara akiyatazama magari hayo yakipita na vumbi lake ana mengi ya kumsimulia mjukuu wakati rangi inakauka.

Ndiyo maana swali la gundi si dogo kama linavyoonekana. Linahusu kitu ambacho familia inataka kibaki.

Wanaogandisha wana sababu

Wapenzi wa burudani hii wamegawanyika, na wanaopendelea kugandisha bodi moja kwa moja si wavivu.

Sababu yao ya kwanza ni pengo. Plastiki nyembamba hupinda kidogo ikiwa ndani ya boksi au wakati wa kupaka rangi. Matokeo yake, bampa la mbele linakaa vizuri lakini nyuma bodi inanyanyuka, au tairi moja haigusi meza. Gundi huvuta pande hizo mbili zikakaa pamoja.

Ya pili ni kwamba seti nyingi za magari ya mashindano hazina injini. Boneti haifunguki, kwa hiyo ndani hakuna cha kuonyesha zaidi ya kile kinachoonekana dirishani.

Ya tatu ni usalama wa gari lenyewe. Nyumba yenye watoto wadogo ina mikono mingi. Mtu akilinyanyua gari kwa kushika paa, chasisi isiyoshikizwa inaweza kuchomoka na kuanguka sakafuni.

Lakini gari huharibika kutokea ndani

Upande wa pili una hoja moja nzito: sehemu zinazoachia mapema ziko ndani. Kioo cha dirisha kilichoshikizwa kwa gundi kidogo hubanduka na kuangukia viti. Usukani unadondoka. Ekseli nyembamba inavunjika gari linaposukumwa na mtoto. Vumbi linaingia na kukaa kwenye kioo cha mbele kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Bodi inayofunguka humpa mwenye gari nafasi ya kurekebisha yote hayo kwa dakika kumi. Bodi iliyogandishwa humwachia njia moja tu, kuivunja, na rangi ya mwezi mzima huondoka nayo.

Kwa mzazi kuna sababu nyingine. Mtoto wa miaka 12 aliyepaka viti vikachafuka kidogo atakuwa na mkono mzuri zaidi akifika miaka 15. Siku hiyo atataka kurudi ndani ya gari lake la kwanza na kulitengeneza upya. Gari linalofunguka hukua pamoja na mtoto.

Hata watengenezaji hulijua hili. Magari mengi ya 1/24 yana vishikizo vidogo kwenye kingo za chini za bodi. Fundi hutanua bodi taratibu kwa vidole, huingiza chasisi upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili hujifunga wenyewe. Mengine hufungwa kwa skrubu. Karatasi ya maelekezo mara nyingi huonyesha wazi sehemu zisizotakiwa gundi, lakini alama hizo hupuuzwa kwa sababu mwishoni kila mtu ana haraka.

Gundi tatu, tabia tatu

Kosa la kawaida ni kudhani gundi zote ni sawa, ila nyingine ni kali zaidi. Zinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Gundi maalumu ya plastiki huyeyusha uso wa vipande viwili, vikachanganyika na kuwa kimoja. Ni kama fundi aliyechomelea vyuma. Mahali ilipokaza hapafunguki tena bila kuvunjika, na ikidondokea kwenye rangi inaila.

Supa gluu ina kemikali iitwayo sayanoakrilati. Iligunduliwa Marekani mwaka 1942 na mkemia Harry Coover na wenzake waliokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutumia kwenye vilengeo vya bunduki, kisha ikaingia sokoni mwaka 1958. Hukauka inapokutana na unyevu, hata ule mdogo uliopo hewani. Mvuke wake una tabia ya kutua kwenye vitu vilivyo karibu na kuacha utando mweupe. Polisi hutumia tabia hiyo hiyo kuibua alama za vidole kwenye ushahidi.

Kwenye gari la mfano, tabia hiyo ni janga. Ukiweka supa gluu kisha ukafunga bodi, mvuke unabaki ndani. Asubuhi vioo vimekuwa vyeupe kama vyenye ukungu, na huwezi kuvifuta kwa sababu umeshafunga. Ukijaribu kuibandua kwa asetoni, ile inayotumika kuondoa rangi ya kucha, asetoni huyeyusha supa gluu lakini pia huyeyusha plastiki ya gari.

Gundi nyeupe ya shule, ambayo watoto hubandikia karatasi, ndiyo mpole kuliko zote. Haitoi mvuke unaochafua vioo, hukauka ikawa angavu, na ikihitajika hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu au kubanduliwa kwa ncha ya kijiti.

Njia ya kati

Kwa familia nyingi, jibu bora ni kutumia kishikizo dhaifu kuliko vyote kitakachotosha kazi.

Jaribu bodi na chasisi mapema, kabla ya kupaka rangi. Kama imepinda, huo ndio wakati wa kuinyoosha kwa maji ya moto kiasi, na kazi hiyo ifanywe na mtu mzima. Kama vishikizo vya kiwandani vinashika, usiongeze kitu. Vikilegea, weka matone mawili au matatu ya gundi nyeupe kwenye kingo za ndani, au kipande kidogo cha selotepu ya pande mbili. Fundi mwenye uzoefu anaweza kutengeneza vishikio vidogo vya plastiki ndani ya bodi na kufunga kwa skrubu.

Wapo wanaotumia sumaku ndogo zenye nguvu. Zinashika vizuri sana, lakini kwenye nyumba yenye watoto wadogo ni heri kuziacha. Mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo, zikaubana na kuutoboa. Mtoto anayehofiwa kumeza sumaku apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajalalamika maumivu.

Na kama umeamua kugandisha kabisa, labda kwa sababu gari halina vishikizo au limepinda kiasi cha kutotulia, fanya ukaguzi kwanza. Tikisa gari usikie kama kuna kinacholia. Gusa kila kioo, usukani na tairi. Futa vumbi na alama za vidole kwa ndani. Acha siku moja au mbili ili mvuke wa rangi na gundi za awali uishe. Kisha gandisha sehemu chache tu, mbali na vioo, na si kuzunguka bodi nzima.

Afya ya walioko mezani

Kabla ya kufikiria gari, mzazi afikirie mapafu, ngozi na macho ya mtoto.

Mvuke wa gundi ya plastiki na wa rangi za kupuliza huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kuwasha koo. Kazi ifanyike dirisha likiwa wazi, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Vimiminika hivi vingi hushika moto haraka, kwa hiyo visiwe karibu na jiko, mshumaa wala dawa ya mbu ya kuwasha. Nchini Marekani, vijana walipoanza kunusa gundi za aina hii makusudi ili walewe, kampuni ya Testor iliiongezea gundi yake mafuta ya haradali mwishoni mwa miaka ya 1960 ili harufu iwafukuze. Kunusa gundi kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Chupa zikae kwa mzazi.

Supa gluu ikinatisha vidole, usivute kwa nguvu, ngozi itachanika. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha tenganisha taratibu kwa kuviringisha. Asetoni kidogo inaweza kusaidia kwenye vidole, lakini isikaribie kamwe macho wala mdomo. Usifute supa gluu nyingi kwa pamba au nguo ya pamba. Zikikutana hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi.

Jicho ndilo hatari kubwa. Majarida ya tiba yameandika mara kwa mara kuhusu watu waliochukua kichupa cha supa gluu wakidhani ni dawa ya macho, kwa sababu vichupa vinafanana. Vitu hivyo viwili visikae kabati moja. Gundi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi, usilazimishe kope zifunguke, usiweke kiyeyushi chochote, na nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Miwani ya kukinga macho si mzaha, hasa wakati wa kukata vipande. Vipande vyenyewe ni vidogo kiasi cha kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo meza ifagiliwe kabla ya kulala.

Tone linaloweza kusubiri

Mezani, baba anaweza kumwambia binti afunge kichupa. Wajaribu kwanza bila gundi. Atanue kingo za bodi kwa vidole gumba, baba ashike chasisi, upande wa kushoto uingie, kisha wa kulia. Mara nyingi husikika mlio mdogo na gari linajifunga lenyewe.

Likishika, kazi imekwisha. Lisiposhika, gundi nyeupe ipo na kesho ipo. Gundi unaweza kuiongeza siku yoyote, lakini kuiondoa ni kazi ambayo gari dogo la plastiki huwa halipiti salama. Na siku usukani utakapodondoka, kwa maana utadondoka, binti atalifungua gari lake mwenyewe, ataurudisha mahali pake, na ataendelea na siku yake.