Sinema inapojicheka: Kutoka Cannes hadi vibanda vya video Kitale

MNAMO Mei 14, 2024, Tamasha la Filamu la Cannes nchini Ufaransa lilifunguliwa kwa futuhi iliyowalenga wale wale waliokuwa wameketi ukumbini: waigizaji mashuhuri, watayarishaji na waelekezi wa filamu. Filamu hiyo, Le Deuxième Acte, ni kazi ya mwelekezi Quentin Dupieux. Jina lake lina maana ya ‘Tendo la Pili’, kama tunavyoyagawa matendo ya tamthilia shuleni.

Kisa chenyewe ni chepesi. Binti aitwaye Florence anampeleka babake kukutana na mpenzi wake, David. David hamtaki, hivyo anakuja na rafikiye Willy akitumaini kumwachia yule binti. Wanne hao wanakutana katika mkahawa ulio mbali na makazi ya watu.

Lakini kila baada ya muda waigizaji wanayaacha maneno ya mswada na kuanza kugombana, safari hii wakiwa waigizaji wanaolipwa kuyasema maneno hayo. Anayeigiza baba, Vincent Lindon, anatangaza kwamba amechoka. Ni upuzi kuigiza mapenzi ilhali dunia inaangamia. Mara simu inalia. Mwelekezi maarufu wa Marekani, Paul Thomas Anderson, anamtaka katika filamu yake. Papo hapo dunia inaacha kuangamia.

Kuna pia mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa ziada aliyepewa kazi moja tu, ya kumimina mvinyo. Mkono unamtetemeka kwa hofu. Anarudia, anashindwa tena, nao nyota wanne wanazidi kuudhika. Mtazamaji hucheka, kisha kicheko humkwama kooni. Mwisho wa mhudumu huyo ni mzito, nami sitaufichua.

Na mwelekezi wa filamu hiyo iliyo ndani ya filamu ni nani? Si mtu. Ni akili unde, yaani mfumo wa kompyuta unaofanya kazi za kufikiri, inayojitokeza katika skrini ya kipakatalishi kilichobebwa na kijana msaidizi. Mashine hiyo ina adabu, haipandishi sauti, na inawakata malipo waliokiuka mswada. Mwigizaji mwenye lalama hana wa kumlalamikia.

Mzaha huo haukuzuka hivi hivi. Mwaka mmoja kabla, waandishi wa filamu Marekani walikuwa wamegoma kwa siku 148, kuanzia Mei 2, 2023, na waigizaji wakawafuata kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9. Miongoni mwa madai yao ni mipaka ya matumizi ya akili unde: nani aandike, na sura ya nani inakiliwe kwa idhini gani.

Wafaransa si wageni katika tashtiti ya aina hii. Mwaka 1994 kundi la wachekeshaji la Les Nuls lilitoa La Cité de la peur. Humo, mwanamke aliyeajiriwa kuinadi filamu mbovu ya kutisha mjini Cannes anagundua kwamba kadiri waendeshaji wa mitambo ya kuionyesha wanavyouawa mmoja baada ya mwingine, ndivyo filamu inavyozidi kuwavutia wanahabari.

Msomaji wa Kitale au Bungoma ataniuliza: hayo ya Cannes yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kuicheka sinema ni sanaa ambayo huku kwetu ina mwenyewe, ila hakuzaliwa studioni. Alizaliwa kando ya skrini, naye ni mfafanuzi.

Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulitengeneza takriban filamu 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Zilizungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Kwa kuwa watazamaji walizungumza lugha nyingi, maelezo yalitolewa kando na picha, pengine na mkalimani mwenye kipaza sauti. Tangu hapo filamu ikawa na mabwana wawili: aliyeipiga na anayeieleza.

Video ilipoenea, bwana wa pili akatia fora. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Kampala ikampata VJ Jingo, nayo Kenya DJ Afro. Bungoma iko karibu na mpaka wa Malaba na Kitale si mbali na ule wa Suam, kwa hivyo sauti za Kampala na za Nairobi zote hazikuwa na safari ndefu kufika huku.

Mfafanuzi hupunguza sauti ya filamu ya Hong Kong, Mumbai au Hollywood, kisha hupachika yake. Jambazi hupewa jina la kwetu na deni la dukani. Shujaa akimiminiwa risasi hamsini bila kukwaruzwa, mfafanuzi humwambia mtazamaji asihofu, stelingi hafi. Kwa maneno mengine, hutoka nje ya kisa na kuianika mishono yake, sawasawa na wale waigizaji wa Dupieux. Tofauti ni kwamba Dupieux alifunguliwa tamasha, ilhali huyu wetu aliitwa mpiga kelele. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa la wahakiki.

Uganda ilikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo gharama yake hutajwa mara nyingi kuwa dola 200 za Marekani. Nakala iliyosambaa duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, ambaye huisifu filamu kupita kiasi na kuidhihaki papo hapo. Mzaha umekuwa sehemu ya filamu yenyewe.

Kenya nayo ina Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ya mwelekezi Tosh Gitonga. Si futuhi kamili, lakini mwanzo wake ni kejeli tupu. Mwas, kijana wa mashambani, huuza diski kwa kuigiza visa vya Hollywood mbele ya wateja. Kikundi cha maigizo kinapotoka Nairobi, mmoja wao anamwahidi nafasi kwa Sh1,000. Mwas ana Sh500 tu. Anaambiwa azilete zilizosalia jijini. Kijana yeyote wa Kitale aliyewahi kuombwa ‘ada ya usaili’ anamfahamu mtu huyo.

Hapo ndipo mzaha unapogusa tumbo. Mhudumu wa Dupieux, Mwas na mfafanuzi wa kibandani wote wako mkiani mwa biashara yenye fedha nyingi. Mfafanuzi ana tatizo la ziada, kwani anachokicheka si mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huruhusu kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi cha haki katika uhakiki au kuripoti matukio, lakini haikutaja mzaha. Na anayechukua filamu nzima, akaipachika sauti na kuiuza, anahitaji idhini ya mwenyewe. Bila idhini, sauti yake, hata iwe ya kipekee namna gani, imejengwa katika kiwanja cha mtu.

Sasa sauti hiyo nayo imo hatarini. Programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, na wafafanuzi wameacha rekodi za saa na saa. Mtu aweza kuinakili sauti ya mfafanuzi, akaiambia mashine itie maneno ya Sheng katika filamu mpya, na asimlipe hata ndururu. Mfafanuzi naye, akienda kushtaki kwamba ameibiwa, ataanza kwa kuulizwa hizo filamu alizozizungumzia alizipata wapi.